Kabla Hujanunua Mche, Chungulia Chini

Haya watazamaji, karibuni. Leo tunachambua vitalu vya miche na maduka ya mashambani, yale ambayo mkulima anauza mwenyewe. Niseme mapema: ua lililochanua halinishawishi. Mche wa mboga wenye maua ndani ya kiriba kidogo mara nyingi umechelewa kupandwa, na nguvu zake zimeshaanza kwenda kwenye maua badala ya mizizi. Chukua yule jirani yake mfupi, mwenye shina nene, ambaye hakuna anayemtazama.

Mimi naanzia chini. Oneni hiki kiriba nikikiinua: mizizi imetokeza kwenye matundu, na ndani imejiviringa kama kamba. Kwa mche wa mti hilo ni kasoro kubwa. Ukiupanda hivihivi, mizizi huendelea kuzunguka palepale, na mti unaweza kuyumba miaka kadhaa baadaye. Mwombe muuzaji akutolee mche mmoja uuone. Anayejiamini hakatai, na akikataa nawe umeshapata jibu. Mizizi yenye afya kwa kawaida huwa myeupe au ya maziwamaziwa. Ya kahawia, teketeke, yenye harufu ya kuoza? Maji yamezidi hapo, ondoka.

Halafu vinundu. Kwenye miche ya nyanya, vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe ni dalili ya minyoo fundo, na ukiiingiza shambani utahangaika nayo misimu. Ila kwenye kunde na maharage msiogope: vile vinavyobanduka kwa kidole ni makazi ya bakteria wanaoipatia mimea naitrojeni.

Sasa geuza jani. Tikisa mche kidogo. Vikiruka vijidudu vyeupe kama vumbi, ni inzi weupe. Vidoa vya njano na utando mwembamba, utitiri huo.

Miche ya matunda iliyobebeshwa, yaani aina moja imeungwa juu ya shina la mti mwingine: tafuta kovu pale ilipoungwa. Liwe limeshikana vizuri, na liwe juu ya udongo. Chipukizi likitoka chini ya kovu, hilo ni la mti uliobeba, siyo aina unayoilipia.

Kwenye rafu ya mbolea, achana na picha, soma namba tatu. Ni asilimia kwa uzito: naitrojeni, fosfeti, potashi. Mfuko wa kilo 50 wa 17-17-17 una kilo 8.5 za naitrojeni, basi. Linganisha mifuko kwa hesabu hiyo. Mboji nayo, ingiza mkono. Ikiwa bado ya moto au inakukaba pua, haijaiva. Mbegu angalia tarehe, hasa za vitunguu, maana hizo huchakaa haraka kuliko za nyanya.

Maduka ya mashambani sina mengi. Uzuri wake ni kwamba unamuuliza aliyevuna, "Hizi zimechumwa lini?" na anajua. Asali iliyoganda msiikimbie, kuganda ni tabia yake.

Alama zangu: kwa miti na miche iliyobebeshwa, kitalu kizuri kinastahili pesa yako. Kwa mboga za msimu mmoja, mwenye nafasi ya kusia mwenyewe asie tu.

Na ukifika nyumbani usipande siku hiyohiyo kama mche ulikuwa chini ya wavu wa kivuli. Uzoeshe jua kidogokidogo, siku 7 hadi 10, ukianza na lile la asubuhi.