Nimebadilisha plagi za IST mwenyewe badala ya kupeleka kwa wakala: uzoefu wangu

Kama gari yako ni Toyota ya silinda nne yenye koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) inayokaa juu ya kila plagi ya kuwashia mafuta kwenye injini, kazi hii ifanye mwenyewe. Mimi nimeifanya kwenye IST yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita moja na nusu ambayo utaikuta pia kwenye Probox, Raum na Allion, na sioni tena sababu ya kumlipa mtu.

Gari ilikuwa inatetemeka kwenye silensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, na nikikanyaga mafuta kupanda mlima inamisi, yaani inakatakata. Wakala mmoja hapa Dar alinipa makadirio ambayo ufundi peke yake ulizidi bei ya plagi zote nne. Bei ningeweza kuivumilia. Kilichonishinda ni kwamba nilipoomba kuziona plagi zikitoka, niliambiwa wateja wanasubiri mapokezi na spea za zamani hazirudishwi. Sasa nitajuaje kilichoingia kwenye injini yangu?

Plagi nilizonunua ni Denso K16R-U11, za kawaida za nikeli. Namba hizo zina kazi, usizipuuze dukani. 16 ni kiwango cha joto, yaani jinsi plagi inavyoondoa joto lake, R ni rizista inayozuia redio isikwaruze, U ni mfereji uliochongwa kwenye ncha, na 11 ni gepu, nafasi inayorukwa na cheche, ya milimita 1.1. Muuzaji akikwambia "zote zinaingia tu," mrudishie. Plagi inaweza kuingia kwenye tundu bila shida na bado ikawa na joto lisilo la injini yako.

Halafu kuna suala la feki. Kariakoo zipo, na boksi lake linavutia kuliko la plagi halisi. Mimi huwa naangalia vitu viwili: maandishi kwenye kauri nyeupe yawe makali, yasiyofutika kwa kidole, na ile washa, pete ya chuma iliyo kwenye thredi (nyuzi za kufungia). Kwenye plagi halisi washa hiyo inazunguka lakini haitoki kirahisi. Ikidondoka mkononi kama pete iliyolegea, achana nayo. Nililipa zaidi kidogo duka lililonipa risiti yenye namba ya plagi, na ningelipa tena.

Vifaa ni vichache: boksi spana namba 10 ya bolti za koili, boksi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira ndani, kiungio kirefu na mpini. Injini iwe imepoa kabisa. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini plagi zinapofungwa, ni ya aluminiamu, na ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kuchubua thredi, ukaishia kulipa mara nyingi zaidi ya ulichokuwa unakwepa.

Sehemu inayotaka utulivu ni soketi za nyaya za koili. Plastiki yake imepikwa na joto miaka yote hiyo na inavunjika kama biskuti. Sukuma soketi ndani kidogo kwanza, ndipo ubonyeze kishikizo na kuvuta. Koili ikishatoka, usikimbilie plagi. Tazama ndani ya tundu kwa tochi ya simu, kwa sababu vumbi la barabara zetu linajikusanya pale, na plagi ikitoka tu linaangukia kwenye silinda. Mimi nilipuliza kwa kile kipampu kidogo cha matairi, na mchanga uliotoka ulinitosha kuelewa.

Kurudishia, anza kwa mkono. Nilichomeka kichwa cha plagi kwenye kipande cha mpira wa mafuta na kuizungusha nacho. Ikiingia vibaya, mpira unateleza kabla thredi haijaumia. Ikishakaa, kaza nusu mzunguko kwa spana, basi. Hiyo nusu ni kwa plagi mpya yenye washa ambayo haijabanwa bado; iliyokwisha kutumika inahitaji kidogo sana. Mafundi wengi wanakaza mpaka mkono uume, na wengine wanapaka grisi. Usipake. Plagi za sasa zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na ukiongeza grisi unakaza kupita kiasi bila kujua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko hela niliyookoa. Panga plagi za zamani kwa mfuatano wa silinda, uzisome. Kahawia hafifu au kijivu ni injini inayochoma vizuri. Nyeusi yenye masizi makavu, kagua filta ya hewa. Yenye oili kwenye ncha, ringi za pistoni au sili za vali zinapitisha oili. Nyeupe iliyoungua, injini inapata joto kali au petroli inayoingia haitoshi. Zangu tatu zilikuwa kahawia na gepu imepanuka, ndiyo maana ilikuwa inamisi. Ya silinda ya tatu ilikuwa na oili upande wa juu, kwenye kauri na ndani ya mpira wa koili, wakati ncha yake ni kavu. Kwa wakala ingetupwa na hakuna ambaye angeniambia.

Plagi zenye ncha ya madini ya iridiamu ni nzuri, na zile za maisha marefu zinafika kilomita 100,000, lakini gharama yake ni kubwa na si kila iridiamu imetengenezwa kudumu hivyo. Nyingine zina ncha nyembamba ya milimita 0.4 kwa ajili ya cheche kali tu. Ukizitumia, usijaribu kurekebisha gepu kwa kugusa ncha hiyo. Kwa 1NZ-FE ya safari za mjini, nikeli halisi zinazobadilishwa kila kilomita 20,000 zinanitosha.

Ushauri huu usiupeleke kwenye Harrier ya V6, ile yenye silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Plagi tatu za nyuma zimejificha upande wa kabini, na hapo fundi mzoefu anastahili hela yake. Subaru nayo plagi zinatazama pembeni, mkono hauna pa kupita.

Gari yangu sasa silensa imetulia na mlima inapanda bila kukohoa. Oili ile ya silinda ya tatu inatoka kwenye gasketi ya kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya injini; nimeshainunua, na nitaifunga mwenyewe.