Reidi za Nyota Tano kwenye Pokémon GO: Kumwangusha Mewtwo na Rayquaza, Kisha Kuwanasa

Karibuni, watazamaji. Leo tunapima kipande kimoja tu cha Pokémon GO: reidi za nyota tano, yaani mapambano ya kundi dhidi ya bosi mmoja mwenye nguvu, pale unapokutana na akina Mewtwo na Rayquaza. Reidi ziliingia kwenye mchezo mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya mchezo wenyewe kutoka, na mpaka leo malalamiko ni yale yale mawili: "tulikuwa watano na bado tumeshindwa," na "tumempiga vizuri, kisha akatoroka." La kwanza lina dawa kamili. La pili lina nusu dawa, na hiyo nusu wengi hawaitumii.

Neno moja kabla hatujaingia ndani. Majina ya aina nitayataja kwa Kiswahili: giza, mzimu, barafu, joka. Kwenye skrini wewe fuata alama yake. Majina ya vitu na mapigo nayaacha yalivyoandikwa kwenye mchezo, usije ukahangaika kuyatafuta.

Haya. Bosi wa nyota tano ana uhai 15,000, na mnapewa sekunde 300. Gawanya mwenyewe: kundi zima linatakiwa kumpunguzia uhai 50 kila sekunde, na saa haisimami hata mnapoangushwa na kurudi na timu nyingine. Ile CP kubwa, namba ya nguvu iliyoandikwa juu ya kichwa chake, 54,148 kwa Mewtwo na 49,808 kwa Rayquaza, inatisha macho tu. Kinachowashinda watu ni saa. Kwa hiyo timu inayovumilia sana lakini haiumi ni timu mbovu, hata kama CP zake zinapendeza.

Na hapa mchezo wenyewe unawapoteza watu. Ukiingia kwenye chumba cha kusubiri, unakuta umeshapangiwa timu, na mara nyingi upangaji huo unapendelea wenye ngozi nene: Aggron, Lugia, wakati mwingine hata Blissey. Watadumu, ndiyo. Watadumu mpaka sekunde 300 ziishe bosi akiwa bado na robo ya uhai. Usiikubali timu hiyo. Panga yako mapema kwenye sehemu ya Party, iite kwa jina la bosi, ukifika unaichagua tu. Kwenye chumba una sekunde 120, na hizo si za kuanza kutafuta nani ana pigo gani.

Sasa hesabu ya pigo. Ukimpiga kwa aina anayoiogopa, pigo linazidishwa mara 1.6. Kama aina zake zote mbili zinaiogopa, mara 2.56. Pokémon akitumia pigo la aina yake mwenyewe, ongeza mara 1.2. Hali ya hewa ikiwa upande wenu, mara 1.2 nyingine. Vyote hivi vinazidishana, havijumlishwi, na ndiyo maana Rayquaza ni bosi mwepesi kuliko sifa zake. Yeye ni joka na ni wa kuruka, na barafu inawaumiza wote wawili. Mamoswine mwenye Powder Snow na Avalanche anampiga mara 2.56 kwa 1.2, yaani zaidi ya mara 3. Theluji ikianguka kwenye ramani inakaribia 3.7. Watu wawili wenye Mamoswine sita sita waliokuzwa vizuri wanamwangusha.

Angalizo kwa Rayquaza: akiwa na Ancient Power, hilo ni pigo la mwamba, na mwamba huvunja barafu. Weavile na Glaceon wataanguka upesi. Mamoswine yeye ana damu ya ardhi, na ardhi inauzuia mwamba, kwa hiyo pigo linamfikia kwa nguvu ya kawaida. Akiwa na Outrage, usilete majoka yako hata kama yanamuumiza, maana na yeye anayaumiza vile vile.

Mewtwo ni habari nyingine. Ana aina moja tu, ya nguvu za akili, kwa hiyo hakuna ile mara 2.56. Anaogopa mdudu, giza na mzimu, na kwa kazi hii giza na mzimu ndio wanaobeba mzigo. Kosa la kawaida ni kuona "giza inamshinda" ukajaza Tyranitar sita. Tyranitar mwenye Bite na Crunch ni mzuri kweli, na mapigo ya akili hayamtii hofu. Lakini Mewtwo anaweza kuja na Focus Blast, pigo la ngumi, na Tyranitar ni giza na mwamba: aina zote mbili zinaogopa ngumi. Anapigwa mara 2.56, anaondoka kwa pigo moja. Hydreigon na Darkrai nao wanaumia, ingawa si kiasi hicho.

Kwa hiyo unahitaji timu mbili za Mewtwo, si moja. Ya kwanza ni ya giza: Tyranitar, Hydreigon, Darkrai. Hii ni ya Mewtwo mwenye Psychic. Ya pili ni ya mizimu: Chandelure mwenye Hex na Shadow Ball, Giratina wa umbo la Origin mwenye Shadow Claw na Shadow Ball. Hii ni ya Focus Blast, kwa sababu mizimu huisikia ngumi kidogo tu. Gengar anauma kuliko karibu mizimu yote, ila ana sumu ndani yake na sumu inaogopa nguvu za akili, kwa hiyo mlete ukijua ataanguka mapema.

Utajuaje ana pigo gani? Ingia, pigana sekunde kama ishirini, soma jina la pigo zito la kwanza analotoa. Kama timu yako haifai, toka. Mapigo ya bosi wa reidi hiyo hayabadiliki, na pasi uliyotumia, ile tiketi ya kuingilia, inaendelea kukuruhusu kuingia tena kwenye reidi ile ile mpaka muda wake wa kukaa pale uishe. Ila angalia saa ya reidi kwanza: zikiwa zimebaki dakika sita, usithubutu kutoka. Muda ukiisha, pasi imekwenda na maji.

Ndani ya pambano mambo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Pigo zito likijaa, litoe. Kuliweka akiba ni hasara, kwa sababu Pokémon akianguka anaondoka nalo. Kukwepa, ule mtelezo wa kidole kulia au kushoto skrini inapomulika, kunapunguza pigo kwa asilimia 75. Lakini kila ukikwepa unaacha kupiga. Kwepa pale tu ambapo pigo zito la bosi lingemuua mtu wako huku pigo lake likiwa linakaribia kujaa. Anayekwepa kila kitu amegeuka Blissey.

Mega mmoja, yaani Pokémon aliyegeuzwa kwa muda kuwa umbo lenye nguvu zaidi, anabadilisha mchezo. Akiwa uwanjani, mapigo ya wenzake wote yanaongezeka asilimia 10, na yale ya aina yake asilimia 30. Kwa hiyo kubalianeni: kwa Rayquaza mmoja alete Mega Glalie, kwa Mewtwo Mega Tyranitar kama timu ni ya giza, au Mega Gengar kama ni mizimu. Wakija Mega wanne wa aina moja kwa wakati mmoja, ongezeko halijumlishwi, mmejipunja. Pangeni wafuatane: wa kwako wa kwanza kwenye foleni, wa mwenzako wa tatu. Urafiki nao una hesabu yake, marafiki wa kiwango cha Best Friends wanaongezeana asilimia 10. Na mkijiunga kwenye Party Play, kundi la watu wawili mpaka wanne, kuna kipimo kinachojazwa na mapigo ya haraka. Kikijaa, pigo zito linalofuata linakuwa mara mbili. Wanne wanakijaza upesi zaidi.

Stardust nayo, lile vumbi la kumkuzia Pokémon, kwa ufupi. Kumtoa Pokémon kiwango cha 20 hadi 30 kunagharimu 75,000, na nguvu zake zinapanda kama asilimia 22. Kumtoa 30 hadi 40 kunagharimu 150,000, mara mbili, kwa ongezeko la asilimia 8 hivi. Kwa mtu anayejenga timu, sita wa kiwango cha 30 wanamzidi mbali mmoja wa 40 anayezungukwa na walegevu. Na kabla ya kumwaga Stardust hakikisha mapigo yote mawili ni ya aina unayoitaka. Mamoswine mwenye Mud Slap si wa Rayquaza. Mpe TM kwanza, kifaa cha kubadilisha pigo.

Bosi ameanguka. Sasa sehemu inayoliza watu.

Unapewa Premier Ball tu, idadi kadiri mlivyopigana na mlivyo marafiki. Ultra Ball zako mia mbili hazina kazi hapa. Viumbe wengi wa ngazi hii wana nafasi ya msingi ya asilimia 2, na hii ndiyo sehemu ya mchezo ninayoipa alama za chini: mmeshinda kihalali, kisha mnaambiwa mcheze bahati nasibu. Lakini bahati hiyo inasukumika. Golden Razz Berry, beri unayompa kabla ya kutupa, inazidisha mara 2.5. Mpira uliozungushwa ukapinda, mara 1.7. Kulenga ndani ya mduara mpaka liandikwe Great, kama mara 1.5. Medali ya dhahabu ya aina ya kiumbe huyo inaongeza mara 1.3.

Tuchukue mipira 12. Ukitupa ovyo, moja kwa moja, bila beri, nafasi ya kumnasa kwa mipira yote ni kama asilimia 18. Golden Razz na Great lakini mpira haukupinda: asilimia 53. Ongeza kupinda tu: asilimia 72. Medali ya dhahabu juu yake, asilimia 81. Kwa maneno mengine, mtu anayejua kuupinda mpira na asiyejua wako kwenye michezo miwili tofauti.

Namna ya kutupa ni hii. Mpe beri. Shikilia mpira bila kuutupa, tazama mduara unavyosinyaa, ukifika ukubwa unaoumudu achia kidole taratibu palepale. Mduara umekwama kwenye ukubwa huo. Sasa ngoja. Bosi atashambulia, akianza, anza kuuzungusha mpira, na utupe anapokaribia kumaliza, ili mpira ufike wakati anatulia. Ukitupa mapema, anaupangua na mpira umepotea. Ukitupa umechelewa, anaweza kuanza shambulio jingine. Mpira ukimkosa au akiupangua, beri haiondoki, inabaki mpaka mpira umpate, kwa hiyo usihangaike kumpa nyingine.

Na usilazimishe Excellent, ile ya mduara mdogo kabisa. Great sita zinazopata zinazishinda Excellent mbili na mipira minne iliyoanguka pembeni.

Mewtwo ana nafuu yake: nafasi yake ya msingi ni asilimia 6. Kwa Great iliyopinda na Golden Razz, kila mpira una kama asilimia 28. Ukimpa Silver Pinap, inayozidisha mara 1.8 tu lakini inakuongezea pipi za kumkuzia, kila mpira una kama asilimia 21, na kwa mipira 12 bado una zaidi ya asilimia 90. Kwa Mewtwo, basi, anza na Silver Pinap, ukibaki na mipira minne rudi kwenye Golden Razz. Kwa wale wa asilimia 2, usijaribu.

Kabla ya mpira wa kwanza soma CP. Mewtwo mkamilifu, mwenye sifa zote za juu kabisa, anaonyesha 2,387, na upepo ukiwa unavuma, 2,984. Rayquaza ni 2,191, na kwa upepo 2,739. Ukiona mojawapo ya namba hizo, sahau pipi, kila mpira ni Golden Razz. Na ukibaki na mpira mmoja, mwache ashambulie mara mbili, tatu, uusome mwendo wake, kwa sababu kwenye skrini hii, tofauti na ile ya pambano, hakuna saa.