Kuziba, Kofia, Daraja au Sahani: Jino Likiharibika Ulipie Kipi Kwanza

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Mimi niliujua ukweli wake kwa kulipia. Nilikuwa na miaka 24 gego langu la chini lilipotoboka na kuninyima usingizi siku tatu. Asubuhi ya nne nilikwenda zahanati nimeshika shavu, na kabla ya nusu saa kwisha nilikuwa nje nimeng'ata pamba. Hakuna aliyeniambia kwamba jino lile huenda lingeokolewa. Nami sikuuliza, kwa sababu kwenye orodha ya bei iliyobandikwa ukutani kung'oa ndiko kulikokuwa rahisi kuliko vyote. Miaka tisa baadaye nilipotaka kuziba pengo, jino la nyuma lilikuwa limeinamia mbele, la juu limeshuka kumtafuta mwenzake, na mfupa wa taya umepungua. Kila njia niliyotajiwa ilikuwa ghali kuliko ile ya kuokoa jino niliyoikosa.

Kwa hiyo orodha yangu inaanza na jino lako mwenyewe.

Nafasi ya kwanza: kuokoa jino

Sikiliza maumivu yako. Maji baridi au soda yakichoma kisha maumivu yakaisha mara moja, mara nyingi tobo halijafika kwenye kiini, yaani sehemu laini ya ndani ya jino yenye neva na mishipa ya damu, na kuziba kunatosha. Likianza kuuma lenyewe usiku, au chai ya moto ikiacha maumivu yanayodumu, kiini kimeshaathirika na kuziba tu hakutasaidia.

Kuna vifaa viwili utakavyotajiwa sana vya kuzibia. Kile cha rangi ya jino hugandishwa kwa taa ya mwanga wa bluu, nacho kinahitaji jino liwe kavu kabisa wakati wa kazi. Kikiwekwa kwenye mate hakidumu. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, ni imara kwa magego na huvumilia unyevu, lakini karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona hakuna budi. Kama unayo tayari na ni nzima, usikimbilie kuitoa, maana kuichimba hutoa mvuke wa zebaki mwingi zaidi.

Kiini kikiwa kimeoza, kuna matibabu ya mzizi. Daktari hutoa kiini, husafisha mifereji ya mizizi kwa tupa nyembamba kama sindano, kisha huiziba. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakipoteza hela: wanalipia mzizi, maumivu yanaisha, wanaacha kuvalisha jino kofia, yaani gamba gumu linalolifunika jino lote. Gego lililochimbwa ndani limebaki kuta nyembamba. Siku moja unatafuna mfupa wa kuku, linapasuka katikati hadi chini ya fizi, na sasa ni la kung'oa kweli. Kabla hujaanza, omba bei ya mzizi na kofia kwa pamoja. Kama huna zote, mwambie daktari wazi, mpange malipo. Kofia ya chuma kitupu ni ngumu na huhitaji kusaga jino kidogo, kwa hiyo inafaa nyuma kusikoonekana. Ya chuma kilichovikwa kauri inapendeza, ila miaka ikipita huweza kuonyesha mstari mweusi kwenye fizi. Ya zirkonia, aina ya kauri ngumu, ni nyeupe na imara. Kwa gego, mimi nisingelipia urembo.

Jino limeshatoka: je, pengo lijazwe?

Si lazima kila pengo lijazwe, na daktari anayekwambia hivyo anastahili kuaminiwa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wazima waliopoteza baadhi ya magego ya nyuma wanatafuna vya kutosha iwapo magego yao madogo, yale yaliyo kati ya chonge na magego makubwa, yako kamili na wana angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana. Kama umepoteza gego la mwisho tu na unakula bila shida, weka fedha zako kwenye kusafisha meno yaliyobaki. Pengo la katikati au la mbele ni habari nyingine, kwa sababu meno ya jirani huhama, na kucheka kunakuwa kwa mkono mdomoni.

Kwa pengo moja ambalo jirani zake ni wazima, implanti ndiyo ya kwanza kama mfuko unaruhusu. Ni skrubu ya titani inayofungwa ndani ya mfupa, ikaachwa miezi mitatu hadi sita ishikamane nao, ndipo jino likafungwa juu yake. Si kitu cha majaribio: daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Lakini uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na fizi zinazotoka damu huiangusha. Uliza kama bei uliyotajiwa ni ya skrubu tu au na jino la juu pamoja na picha za mfupa. Uliza pia jina la kampuni iliyoitengeneza na liandikwe kwenye kadi yako, ili vifaa vyake vikihitajika miaka kumi baadaye, popote utakapokuwa, daktari ajue atafute nini.

Daraja ni meno yaliyoungana, yanayokaa juu ya jirani wawili waliosagwa. Kama jirani hao tayari wametoboka na wanahitaji kofia, daraja hupanda nafasi ya kwanza. Kama ni wazima kabisa, naumia kuona wakisagwa kwa ajili ya pengo moja.

Sahani, yaani meno ya kuvaa na kuvua, wengi huiona ya wazee na maskini. Mimi naitetea. Ukiwa na mapengo mengi ndiyo chaguo la busara: haisagi jino lolote kwa kiasi kikubwa, na jino jingine likitoka fundi sanifu wa maabara ya meno anaweza kuliongeza kwenye ile ya akriliki, yaani plastiki ngumu. Ile laini inayopinda inakaa vizuri mdomoni lakini ni ngumu kurekebisha. Yenye fremu ya chuma ni nyembamba na hudumu zaidi, na ukiweza chagua hiyo. Rangi ya meno ichagueni dirishani kwenye mwanga wa mchana, ukiwa umefuta rangi ya midomo.

Kitu kimoja nakukataza kabisa: fundi wa mtaani anayegandisha jino la akriliki kwa gundi au waya kwenye meno ya jirani. Halitoki kusafishwa, uchafu unalala chini yake, na utapoteza na yale yaliyokuwa mazima.

Na ndugu zangu mliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru na Bonde la Ufa, mkiwa na meno ya kahawia kwa ajili ya floraidi ya maji: rangi ile peke yake si uozo. Msikubali jino zima lisagwe livikwe kofia kabla ya kujaribu kung'arisha au tabaka jembamba la rangi ya jino.

Mwisho, usimalize kulipa kabla hujatafuna. Mama yangu alipotengenezewa sahani, siku ya kwanza ilimchubua fizi upande wa kulia. Alirudi. Daktari alimpa karatasi ya bluu ang'ate, akasaga kwenye alama. Alirudi tena. Mara ya tatu alikwenda na ndizi ya kuchoma na kipande cha nyama kwenye mkoba, akala palepale kwenye kiti mbele ya daktari, pande zote mbili, bila kukunja uso. Ndipo alipofungua pochi. Usiku huivua, huiosha juu ya beseni lenye maji ili ikimponyoka isivunjike, na huilaza kwenye bakuli la maji hadi alfajiri.