Programu tatu za kujifunzia kuchapa, na kidole changu cha mwisho

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, hatua chache kutoka mahakama ya mwanzo, na kinachoniletea ugali si kutoa kopi, ni kuchapa. Mtu anakuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, anataka mkataba wa kiwanja kabla karani hajaenda kula. Ukurasa mmoja, shilingi elfu moja. Miaka tisa nimeifanya kazi hiyo kwa kudonoa: vidole viwili vya shahada, na gumba la kulia kwenye kitufe cha nafasi. Si kwamba nilikuwa mzito, nilifika maneno 31 kwa dakika. Shida ilikuwa macho. Kwenye karatasi, kwenye kibodi, kwenye kioo, halafu tena kwenye karatasi kutafuta nilipoishia. Januari niliruka jina la shahidi wa pili na mteja akarudi amevimba.

Kijana wangu wa dukani hakuona sababu ya mimi kujifunza upya. Alinisomea kwenye simu kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2016 waliwapima watu wakichapa, wakakuta baadhi ya waliojifunza wenyewe wana kasi sawa na waliofundishwa vidole kumi. Siri yao ni kwamba kila kitufe kina kidole chake kilekile, na viganja havihangaiki. Nakubali. Ila anayetunga barua yake mwenyewe anaweza kuangalia popote. Mimi macho yangu yameshakodiwa na karatasi ya mteja.

Basi tangu Februari nimejaribu vitu vitatu, vyote unaweza kuvitumia bila kulipa.

Nilianza na keybr, ambayo ni tovuti. Weka vidole vya shahada kwenye F na J, pale penye vile vijinundu, na vingine vipange pembeni yake. Inakupa herufi sita tu kwanza, E, N, I, A, R na L, na kuzitungia maneno yasiyo na maana lakini yanatamkika. Kila herufi inapimwa peke yake. Kabla zote hazijafika maneno 35 kwa dakika, hupewi herufi mpya. Wiki mbili za kwanza kasi yangu ilianguka hadi 12, nikawa nawaambia wateja mtandao uko chini. Uvumilivu ule ndio uliovijenga vidole, na kwa hilo naisifu keybr kuliko zote.

Lakini mpangilio wake wa herufi, kwa jinsi nilivyoutumia mimi, umefuata Kiingereza. K na W zinakuja nyuma sana! Mswahili bila K na W ataandika nini? Si wakili, si kiwanja, hata "kwa" huwezi. Huku Q na X, ambazo maneno yetu hayazihitaji, nazo nikazitolea jasho.

Kuna na jambo jingine ambalo hakuna programu iliyonionya. Chukua maneno ninayoyachapa kila siku: "mkataba wa mauziano ya kiwanja". Ni herufi 26, na kati yake A ni tisa. A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile dhaifu kuliko vyote. Nilipokuwa nadonoa hakikuwa na kazi, sasa ndicho mtwana wa nyumba. Mwezi wa kwanza kilikuwa kinauma jioni mpaka nabebea ndoo mkono wa kulia. Shangazi yangu, aliyesoma uhazili Tabora enzi za tapureta, alicheka sana nilipomwonyesha. Kwao, alisema, barua ya mwanafunzi mgeni ilijulikana kwa mbali, A zote zimefifia kwa sababu kidole hakina nguvu ya kupiga. Aliniambia nishushe kiti kidogo, nilegeze bega, na kidole kiguse tu, kisisukume. Kibodi ya sasa haihitaji nguvu ile. Maumivu yaliisha kama siku kumi baadaye.

Usifikiri kuhamia mpangilio mwingine wa herufi kwenye kibodi kutakuokoa. Dvorak, uliopewa hataza Marekani mwaka 1936, umehamisha karibu kila herufi, lakini A umeiacha palepale. Colemak wa 2006 nao hivyohivyo.

Ya pili ni Klavaro, na hii ndiyo imebaki kwenye kompyuta yangu. Sura yake ni ya kizamani, vitufe vya kijivu kama fomu ya benki. Ila ukishaipakua haiulizi bando, na kwenye mazoezi ya aya unaweza kuweka maandishi yako mwenyewe. Nikaweka mikataba ya zamani, barua za maombi ya kazi, wosia mmoja mrefu, majina nimeyatoa. Hapo ndipo vidole vikajifunza Kiswahili: "-wa na -ya" zikaanza kutoka zenyewe, na ile alama ya juu ya ng' ikapata kidole chake upande wa kulia. Kama unachapa Kiswahili, hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Ya tatu, Monkeytype, ni tovuti anayoipenda kijana wangu. Nzuri kwa macho, ina orodha ya maneno ya Kiswahili, unachagua sekunde 15 au 60, mnashindana. Anafika 58 na kuanza kutembea kifua mbele. Ikifunguliwa, haina herufi kubwa wala vituo mpaka uviwashe mwenyewe, na mkataba usio na vituo ni kesi inayosubiri siku yake. Halafu haikufundishi kidole kipi kiende wapi, inakupima tu.

Angalizo kuhusu hizo namba: "neno" hapo ni mibofyo mitano, nafasi ikiwemo. "Wanapowatembelea" pamoja na nafasi yake ni mibofyo 17, yaani maneno matatu na zaidi. Kwa hiyo usishangae 46 yangu ya sasa ikionekana kubwa kuliko maneno unayoyahesabu kwenye karatasi.

Keybr nyota nne, Klavaro nyota nne na nusu (nusu nimeikata kwa ile sura), Monkeytype tatu. Ukipita dukani na flashi nitakuwekea Klavaro bure, na lile faili la mikataba nitakupa pia. Njoo asubuhi tu, kabla mahakama haijaanza.