Kijarida cha kijiji cha Kent kinachosomwa Mpwapwa: tathmini ya msomaji

Dayosisi ya Rochester, iliyopo kusini-mashariki mwa Uingereza, na Dayosisi ya Mpwapwa zimeunganishwa kwa udugu wa miaka mingi. Mojawapo ya matunda ya udugu huo ambayo hayazungumzwi sana ni kijarida cha kila mwezi cha kijiji kimoja kidogo cha Kent, mkoa wa huko Uingereza, ambacho hutufikia sisi wa upande huu, wakati mwingine kikiwa ndani ya begi la mgeni na mara nyingi zaidi kikiwa faili kwenye simu. Wengi wetu hukipokea kwa heshima, hutazama picha ya kanisa la mawe iliyopo jaladani, kisha hukiweka kabatini pamoja na kadi za Krismasi. Nimeamua kukiandikia tathmini kwa sababu ninaamini kinastahili kusomwa, na kusomwa kwa makini, na makatibu wa parishi, watendaji wa vijiji na viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa katika wilaya yetu. Kina jambo moja ambalo kinalifanya vizuri kuliko chapisho lolote la kijamii ninalolifahamu, nalo ni kutangaza shughuli ya watu wote kwa namna ambayo hata mtu ambaye hakuwapo kikaoni ataweza kuifuata.

Kwa umbo lake ni kitu cha kawaida sana. Ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini, zimechapwa kwa wino mweusi, na ni jalada peke yake lenye rangi. Wahariri wake hawalipwi. Wanakijiji wanaojitolea hugawana mitaa na kukipeleka mlango kwa mlango, na gharama ya uchapaji hubebwa kwa sehemu kubwa na matangazo ya biashara ndogo ndogo za jirani: fundi bomba, mfagia dohani, mtu wa kukata majani, nyumba ya mazishi. Julai na Agosti hutolewa toleo moja, kwa kuwa watu wengi huwa likizo.

Uzuri wake uko kwenye kurasa za matangazo ya shughuli. Chukua mfano wa chakula cha jioni cha sikukuu ya mavuno, ambayo wenzetu huifanya mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Tangazo linataja siku na tarehe, saa ya kufunguliwa mlango na saa ya kuanza kula, jina la ukumbi, bei ya mtu mzima na ya mtoto, tarehe ya mwisho ya kununua tiketi, na mtu anayeziuza pamoja na namba yake ya simu. Linaendelea kueleza kwamba kila mtu aje na kinywaji chake, kwamba asiyekula nyama ataje mapema, kwamba mlango wa pembeni hauna ngazi kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu, na kwamba fedha itakayopatikana itaingia kwenye matengenezo ya paa la ukumbi. Yote hayo yamo katika mistari isiyozidi upana wa kiganja. Kisha katika toleo linalofuata, na hapa ndipo ninapokivulia kofia, inatolewa taarifa fupi ya kiasi kilichopatikana na kiasi kilichotumika, na shukrani kwa waliopika, waliopanga meza na waliobaki kuosha vyombo.

Sasa tuangalie matangazo yetu. Sisi huadhimisha mavuno kati ya Juni na Agosti, baada ya mtama, uwele, karanga na alizeti kuingia nyumbani, na hakuna anayeweza kusema kwamba sherehe yetu ni ndogo. Magunia huletwa hadi mbele ya madhabahu, kuku hufungwa miguu na kulazwa chini ya meza, na mnada unaofanyika nje ya kanisa baada ya ibada huwa na uchangamfu ambao Waingereza wanaokuja kututembelea huuzungumzia miaka mingi baadaye. Lakini tangazo lake husomwa kwa mdomo, likiwa la tano au la sita katika orodha ya matangazo, watu wakiwa wameshaanza kukusanya vitabu vyao: "Ndugu waumini, tunakumbushana kwamba ile siku yetu ya mavuno imekaribia, kwa hiyo kila mmoja ajiandae." Ile siku ipi? Ajiandae kwa kitu gani, na akabidhi kwa nani? Aliyekuwapo Jumapili zilizopita anajua. Mama aliyekuwa akimuuguza mtoto hospitalini, kijana aliyerudi kutoka Dodoma mjini jana yake, au familia iliyohamia karibuni kutoka Kibakwe, hao hawajui, na wengi wao wataona aibu kuuliza.

Hali haitofautiani sana kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Karatasi hupigiliwa kwa misumari, jua la Oktoba huzikausha mpaka zinajikunja pembe, na mara nyingi utakuta tangazo la mkutano lenye siku na mwezi lakini halina mwaka, kiasi kwamba mpita njia hawezi kutambua kama mkutano huo unakuja au ulishapita. Sisemi hivi kuwalaumu watendaji wetu, ambao wana kazi nyingi na vifaa vichache. Ninasema kwa sababu dawa yake haihitaji fedha. Inahitaji mwandishi wa tangazo ajiulize, kabla hajasaini, kama mgeni aliyeshuka jana kwenye stesheni ya Gulwe angeweza kulisoma na kufika mahali panapotakiwa kwa saa inayotakiwa.

Ukurasa wa pili ninaoupendekeza kwa nguvu ni ule wa baraza la parishi. Msomaji wa Tanzania asichanganye baraza hilo na halmashauri ya kanisa, kwa maana hivi ni vyombo viwili tofauti. Mabaraza ya parishi ya kiraia yaliundwa nchini Uingereza kwa sheria ya mwaka 1894, nayo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa, yakishughulika na viwanja vya michezo, njia za miguu, makaburi, mabenchi na taa za barabarani. Madiwani wake kwa kawaida hawalipwi mshahara. Fedha zao hutokana na kiasi kidogo kinachoongezwa kwenye kodi ya nyumba inayokusanywa na mamlaka ya juu, na ndiyo maana kijarida hueleza kwa uwazi kiasi ambacho baraza limeomba kwa mwaka na sababu zake. Kila mwaka huwekwa siku 30 za kazi, ambazo ni lazima zijumuishe siku 10 za kwanza za kazi za mwezi Julai, ambapo mkazi ana haki ya kwenda kukagua hesabu za baraza na kuomba kuona risiti. Kijarida hutangaza kipindi hicho, hutaja mahali pa kwenda, na hutaja nani wa kumwona.

Kinachonivutia zaidi katika ukurasa huo ni kwamba huandikwa hata mambo yaliyokataliwa. Mtu ameomba kujenga chumba cha ziada nyuma ya nyumba yake, baraza limetoa maoni ya kupinga kwa sababu fulani, na msomaji anakumbushwa kwamba uamuzi wa mwisho ni wa mamlaka ya mipango ya wilaya. Wananchi wameomba alama mpya ya kupunguza mwendo wa magari, ombi limepelekwa, jibu halijaja, litaulizwa tena kikao kijacho. Huo ndio utaratibu ninaoutamani. Sisi nasi tunao msingi mzuri wa kisheria, pengine hata mpana zaidi kuliko wao, kwa kuwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, kazi nyingi za vijiji vyetu, kuanzia madarasa hadi zahanati, zimesimama kwa kiasi kikubwa juu ya michango ya wananchi. Mtu aliyetoa tofali zake na siku zake mbili za kuchota mchanga ana haki ya kusoma mahali fulani kwamba jengo limefikia kwenye linta na kwamba bati bado hazijanunuliwa kwa sababu fulani. Akinyimwa taarifa hiyo, mchango unaofuata utakusanywa kwa taabu, na watakaolaumiwa kwa ugumu wa mioyo watakuwa wananchi.

Kurasa nyingine nitazipitia kwa haraka. Kuna ratiba ya maktaba inayotembea kwa gari, saa za zahanati, orodha ya watu wanaojitolea kuwapeleka wazee hospitalini kwa magari yao, na mikutano ya Women's Institute, umoja wa wanawake ulioanzia Kanada mwaka 1897 na kufika Uingereza mwaka 1915. Kuna zamu za kupanga maua kanisani na za kupiga kengele. Lipo pia tangazo linalorudiwa mara kwa mara kuhusu kibanda chekundu cha simu ambacho sasa kimewekwa kifaa cha kushtua moyo uliosimama. Kampuni ya simu ya BT imekuwa ikiviuza vibanda vya namna hiyo kwa jumuiya za vijiji kwa bei ya pauni 1, na vingine vimegeuzwa kuwa maktaba ndogo za kubadilishana vitabu.

Kasoro zake zipo, na nyingine si ndogo. Barua ya kasisi inayofungua kila toleo ni ndefu mno, na mara kadhaa nimeona inarudia mahubiri ambayo waumini wameshayasikia. Vijana hawaonekani kabisa. Ukiondoa habari za shule ya msingi, msomaji anaweza kudhani kwamba kijiji kizima kina watu wenye zaidi ya miaka 60. Vifupisho hutumika bila maelezo, jambo linaloshangaza katika chapisho lililo makini kiasi hicho katika kutaja saa na bei. Nasi tunaokisoma kutoka mbali tunahitaji mtu anayekijua Kiingereza vizuri, ingawa kwa matangazo mafupi mwanafunzi wa kidato cha nne anatosha.

Kasoro inayoniuma ni safu inayotuhusu sisi wenyewe. Kila baada ya matoleo machache huwapo nusu ukurasa wa habari za Mpwapwa, na kwa muda wote ambao nimekuwa nikizisoma, habari hizo zimekuwa za ukame, paa lililoezuliwa na upepo, kisima kilichokauka na ada za wanafunzi. Hakuna hata moja iliyo ya uongo. Lakini mwanakijiji wa Kent anayezisoma hawezi kufahamu kwamba hapa kuna kwaya zinazofanya mazoezi jioni baada ya mtu kushinda shambani, kwamba akina mama wana vikundi vinavyokopeshana na kugawana faida mwisho wa mwaka bila kwenda benki, au kwamba kuna taasisi ya utafiti wa mifugo na chuo cha ualimu ambacho kimetoa walimu waliofundisha kona zote za nchi hii. Anatujua kwa mahitaji yetu tu. Hata hivyo, sehemu ya lawama hiyo ni ya kwetu, maana wahariri huchapa kile wanachotumiwa, na sisi tumezoea kuandika barua pale tu tunapokuwa na shida. Ningependa tuwatumie matangazo yetu wenyewe, kamili kama yao: siku ya mnada wa mavuno, saa, mahali, nani atakayeimba. Wayachape hivyo hivyo, kando ya tangazo la chakula chao cha jioni.

Je, ninakipendekeza? Kwa msomaji anayetafuta hadithi au burudani, hapana. Kwa mtu yeyote anayeshika kalamu kwa niaba ya wengine, ndiyo, bila kusita. Hakuna haja ya kuiga kijarida kizima, kwa kuwa gharama ya karatasi na wino kwetu ni kubwa na nyumba zetu zimetawanyika katika vitongoji vilivyo mbali. Ukurasa mmoja kwa mwezi, ulioandikwa kwa mkono unaosomeka na kutolewa fotokopi chache kwa ajili ya ofisi ya kijiji, kanisa, msikiti, zahanati na duka lenye wateja wengi, ungetosha. Picha ya ukurasa huo huo ingeweza kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya vitongoji, ambako leo taarifa za misiba, mikutano na mbuzi waliopotea hupishana mpaka ile ya muhimu inazama ndani ya nusu saa.

Anayetaka kukisoma aulize kwa katibu wa parishi yake kama uhusiano wao na parishi ya Kent unaleta nakala, kwa kuwa si parishi zote zenye mwenza. Akikipata, aruke barua ya mwanzo, aende moja kwa moja kwenye kurasa za katikati, achague tangazo moja, kisha aandike upya tangazo la mkutano wake ujao akifuata kila kipengele kilichomo, pamoja na mwaka.