Niliomba nyimbo za Aqua, nikawekewa Barbie Girl mara tano

Jamani nina hasira, acha niseme. Majuzi kati nilienda kwa kijana mmoja anayewekea watu nyimbo kwenye flashi, kibanda chake kiko karibu na kituo cha daladala, simtaji. Redio ya gari langu ya zamani, inasoma flashi tu, na kwenye foleni ya asubuhi bila muziki wangu nafika kazini nimeshachoka. Orodha niliiandika nyumbani kwa utulivu kabisa, nyimbo kumi na moja zote za Aqua, lile kundi la Denmark (dada yao anayeimba, Lene Nystrøm, ndo ametokea Norway), na juu nikaandika kwa herufi kubwa BARBIE GIRL USIWEKE, nikapiga na mistari miwili chini yake.

Kijana akaishika ile karatasi kwa vidole viwili akaisoma, akacheka. "Dada, hizi si za watoto wa chekechea hizi? Mtu mzima unaenda nazo wapi?" Wateja waliokaa kwenye benchi nao wakacheka. Nikalipa elfu tano yangu kimya kimya, uso unawaka.

Chekechea! Ashawahi kuisikiliza Turn Back Time mpaka mwisho huyo? Ilishika namba moja Uingereza mwaka 1998, ikawekwa kwenye filamu ya Sliding Doors, ni wimbo wa mtu anayejuta, Lene kaishusha sauti hadi kile kisauti cha mdoli cha kwenye Barbie Girl hukisikii kabisa, nimeshawapigia watu kibao wanauliza nani huyu kaimba, ukiwaambia Aqua wanakubishia. Halafu kuna We Belong to the Sea kwenye albamu yao ya pili, Aquarius ya mwaka 2000. Watu walisikia Cartoon Heroes ya humohumo wakaishia hapo. Hii ya bahari ilitoka kama singo 2001, mwaka uleule kundi likavunjika, mi naona ndo maana hata haikupata muda wa kuzoeleka, na inaniuma kweli maana mimi hiyo ndo naipenda kuliko zote walizowahi kuimba.

Barbie Girl siichukii, nisieleweke vibaya. 1997 ndo iliwatoa, ikazua na kesi Marekani, kampuni yenye mdoli wa Barbie ikashtaki mpaka rufaa na 2002 ikashindwa, jaji Alex Kozinski akamalizia hukumu kwa kuziambia pande zote mbili zitulie. Lakini ule wimbo umemeza wenzake wote! Ukitaja Aqua mtu anaanza kukuimbia kiitikio mdomoni kabla hujamaliza sentensi.

Sasa nimefika kwenye gari nachomeka flashi. Ya kwanza Barbie Girl. Ya pili Barbie Girl, rimiksi. Ya tatu imeandikwa Turn Back Time, nikafurahi, inaanza, Barbie Girl! Nyingine imekatika katikati ya ubeti. Zimefika tano nimezihesabu, na zilizobaki ni za watu wengine kabisa hata siwajui. Yaani karatasi kaisoma, akacheka, halafu akaniwekea kile kile nilichomkataza kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeshaamua kwenye maoni haya nimpe nyota moja, na hiyo moja kwa kuwa haiwezekani kutoa sifuri.

Ila kuna faili moja mwisho kabisa imeandikwa "aqua mix 07", nimekaa foleni ya Mwenge mvua inanyesha, nikaiacha tu icheze maana mkono ulishachoka kubonyeza. Ikawa Be a Man. Ile ya albamu ya kwanza, ya polepole, sijaisikia miaka mingi na kwenye orodha yangu sikuiandika hata, nilishaisahau. Nilinyamaza. Wa nyuma ananipigia honi magari yameshasogea mimi nimekaa tu. Nikairudia mpaka nyumbani, sijui mara ngapi.

Kwahiyo hapo nampaje nyota moja mtu aliyenirudishia ule wimbo? Nikasema nampa nne. Halafu nikakumbuka kile kicheko chake na wale wa kwenye benchi, hasira ikarudi palepale, mteja hachekwi kwa anachopenda, hela yangu si ya chekechea. Nampa mbili. Jumamosi narudi na karatasi ileile, simlipi tena hata mia, na siondoki pale mpaka nisikie kwa masikio yangu We Belong to the Sea inacheza kwenye spika yake, wale wa kwenye benchi nao wakiwepo.