Mwongoza wageni wa Bagamoyo anayesimulia habari za watumwa watoro

Nafundisha historia sekondari moja ya Tanga mjini, na Bagamoyo naijua kwa safari za wanafunzi. Waongoza wageni wengi hukimbilia mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, picha mbili tatu, kisha turudi kwenye Kosta. Kijana tuliyempata safari hii ni wa aina nyingine kabisa, na nitamwita tena.

Kaole na Ngome Kongwe alizipitia haraka. Misheni ndipo alipotulia. Alitukalisha kivulini, akaeleza jinsi mapadre wa Roho Mtakatifu walivyofika mwaka 1868 wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Binti mmoja wa kidato cha tatu akamuuliza, "Kaka, na aliyetoroka mwenyewe, asinunuliwe na mtu, alikwenda wapi?"

Wengine wangesema muda umekwisha. Yeye aliokota kijiti akaanza kuchora mchangani. Alianza na kwetu, watoro wa mashamba ya miwa ya Pangani waliojijengea vijiji vyao porini. Kisha akavuka bahari mpaka Suriname, Amerika Kusini, kwa Wamaroni, yaani wazao wa watumwa watoro, wanaoitwa Wasaramaka. Mababu zao waliwatoroka Waholanzi, wakapigana nao hadi wakatiliana mkataba mwaka 1762, karne nzima kabla utumwa haujafutwa huko. Vijiji vyao vimefuata Mto Suriname kuelekea juu. Gari linaishia Atjoni, na mbele ya hapo ni mtumbwi wa mashine katikati ya mawe na maporomoko.

Alipofika kwenye bwawa la Afobaka, hata wale wa nyuma walisogea. Miaka ya 1960 maji yalimeza vijiji vyao vingi, watu wapatao 6,000 wakahamishwa, na umeme ukaenda kuendesha kiwanda cha alumini. Wasaramaka hawakukaa kimya. Baadaye, serikali ilipogawa misitu yao kwa wakata magogo, walishtaki, na mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikawapa haki: miradi mikubwa kwenye ardhi yao ihitaji ridhaa yao, na faida wagawiwe.

Hii ndiyo sababu ya kumsifu. Darasani tumezoea kupima maendeleo ya kijiji cha mbali kwa barabara, zahanati na nguzo za umeme. Njia nzima ya kurudi Tanga wanafunzi walibishana: nguzo zinampelekea nani umeme, na mwenye kijiji aliulizwa?

Bei tulipatana mapema na hakuongeza kitu. Ningependa awe na ramani, maana mchoro wa mchangani hauonekani kundi likiwa kubwa. Tengeni asubuhi nzima, mbebe maji, na mwambieni tangu mwanzo kwamba mnataka habari za watoro. Kundi lililotutangulia liliomba mnara tu, na mnara ndio walioonyeshwa.